Motokaa Isiyo na Dereva na Mwenye Dhamana

Tangu mwanadamu alipojifunza kupanda mgongo wa punda, hakuacha kutafuta njia ya kumkabidhi mwingine taabu ya mwendo wake. Punda alikuwa msaidizi mwema. Aliyezoea njia ya kisimani hakuhitaji kuongozwa. Bwana wake aliweza kusinzia juu ya mizigo, na punda akafika nyumbani salama. Lakini punda huyo huyo aliweza kuiacha njia, akaingia katika shamba la jirani na kula mahindi yake. Hapo wazee walikutana, wala hawakumwita punda barazani. Walimwita mwenye punda. Akisema, "Mimi nilikuwa nimelala, wala sikumtuma," jibu lake lilikuwa tayari: "Ulijua ya kuwa punda hutangatanga. Mbona hukumfunga?" Mahindi yakalipwa, na ujirani ukaendelea.

Hukumu hiyo ya kale ina maana kubwa kwa siku zetu, kwa sababu punda wa namna mpya amezaliwa. Huyu hali majani wala mahindi, hula umeme. Haongozwi kwa fimbo wala kwa kamba. Huongozwa na kompyuta iliyofichwa ndani ya kifua chake. Waundaji wa motokaa katika Marekani, Ulaya na Uchina wametumia mali nyingi mno kumlea. Imetupasa sisi nasi, ijapokuwa bado hajajaa katika barabara zetu, tumchungue kabla hajafika mlangoni. Mgeni huulizwa habari zake siku ya kwanza. Akishazoea nyumba, maswali huwa yamechelewa.

Mabadiliko yaliyoingia katika kazi ya kuunda motokaa ni mawili. La kwanza ni kutia umeme mahali pa mafuta. Jambo hili si geni kama wengi wadhanivyo. Mwaka 1897 motokaa za kukodi zilizokwenda kwa umeme zilikuwa zikichukua abiria katika mitaa ya London na New York. Betri za siku zile zilikuwa nzito na nguvu zake zikaisha upesi, basi petroli ikazishinda, na moshi ukatawala kwa muda wa karne nzima. Umeme ulirudi baada ya wataalamu kuvumbua betri nyepesi za lithi. Watatu kati ya wataalamu hao, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walitunukiwa Nishani ya Nobel ya kemia mwaka 2019.

Badiliko la pili ni kutia kompyuta mahali pa dereva. Motokaa ya namna hii huona kwa kamera, kwa rada na kwa miali ya mwanga inayorushwa pande zote na kurudi. Kompyuta hukusanya habari hizo, ikakisia kila kitu kilicho mbele ni nini na kitakwenda wapi, kisha ikazungusha usukani au ikakanyaga breki bila ya mkono wala mguu wa mtu. Katika mwezi wa Oktoba mwaka 2020, kampuni ya Waymo ilianza kuwachukua watu wote waliotaka, katika sehemu za mji wa Phoenix nchini Marekani, kwa motokaa zisizokuwa na dereva ndani. Abiria aliingia nyuma, mlango ukafungwa, na usukani ukazunguka peke yake.

Mabadiliko haya mawili yanafanana kwa jambo moja. Motokaa ya umeme imetuondolea moshi machoni. Motokaa ijiendeshayo imetuondolea dereva machoni. Wahenga walisema, "Lisilokuwapo machoni, na moyoni halipo." Swali ninalotaka kuliweka mbele ya msomaji kijana ni hili: je, kitu kilichoondolewa machoni kimeondoka kweli? Na dhara likitokea, nani aitwe barazani?

Kabla ya kujibu, ni haki kumsikiliza anayeitetea motokaa mpya, maana hoja zake si nyepesi. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, ajali za barabarani huua watu wapatao 1,190,000 kila mwaka, na kwa watoto na vijana wa umri wa miaka 5 mpaka 29 hakuna sababu nyingine ya kifo inayoishinda hiyo. Katika Kenya pekee, watu zaidi ya 4,000 hufa barabarani kwa mwaka mmoja. Nyingi za ajali hizi hutokana na mambo tunayoyajua sote: dereva aliyekunywa pombe, dereva aliyekesha, dereva mwenye haraka, dereva aliyetazama simu. Kompyuta hailewi wala hailali. Haigombani na utingo, wala haishindani na mwenzake kuwahi abiria. Mtetezi wake husema, "Kama chombo hiki chaweza kupunguza makaburi, ni dhambi kukichelewesha kwa maswali ya wanafalsafa."

Maneno haya yana uzito, nami sitayapuuza. Mtu anayekataa dawa kwa kuwa ni ngeni, hali mgonjwa anakata roho, hana hekima. Lakini yule anayeinywesha dawa bila kuuliza nani aliyeipika naye hana hekima. Natutazame jambo moja lililotokea, kisha tuone kama maswali ni ya bure.

Usiku wa tarehe 18 Machi, 2018, katika mji wa Tempe, jimbo la Arizona nchini Marekani, mwanamke wa miaka 49 alikuwa akivuka barabara pana huku akisukuma baisikeli yake. Hakuwa katika kivuko cha waendao kwa miguu. Motokaa ya majaribio ya kampuni ya Uber ikaja kwa mwendo wa karibu kilomita 70 kwa saa, ikiongozwa na kompyuta. Ndani yake aliketi msimamizi mmoja, ambaye kazi yake ilikuwa kutazama na kushika usukani kama mtambo ungekosea. Motokaa ikamgonga yule mwanamke, akafa. Yeye alikuwa mtu wa kwanza aendaye kwa miguu kuuawa na motokaa iliyokuwa ikijiendesha.

Halmashauri ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani ilichunguza, na mwaka 2019 ikaeleza mambo yaliyogunduliwa. Mtambo ulikuwa umemwona marehemu zaidi ya sekunde tano kabla ya kumgonga. Ulimwona, lakini haukumjua. Kwanza ulimdhania kuwa motokaa, kisha kitu kisichojulikana, kisha baisikeli. Na kila ulipobadili dhana ulisahau alikotoka, hata usiweze kukisia anakokwenda. Waliouandikia maagizo hawakuufundisha ya kuwa mtu aweza kuvuka mahali pasipo kivuko. Ile motokaa, kama ilivyotoka kiwandani, ilikuwa na breki zake za hatari zinazojifunga zenyewe. Lakini breki hizo zilizimwa kila kompyuta ya Uber ilipokuwa ikiongoza. Hapo zamani wasimamizi walikuwa wawili katika kila motokaa. Kampuni ikawapunguza, akabaki mmoja. Na yule mmoja, katika dakika zile, alikuwa akiitazama simu yake.

Sasa msomaji, jifanye kuwa mzee wa baraza. Umwite nani?

Msimamizi aweza kusema, "Niliwekwa kutazama mtambo ambao kila siku ulikwenda vema. Nikazoea." Mwandishi wa maagizo aweza kusema, "Mimi niliandika sehemu ndogo tu. Wengine waliandika zilizobaki." Mkubwa wa kampuni aweza kusema, "Tulimweka msimamizi. Kazi yake ilikuwa kuzuia." Serikali ya jimbo, iliyowakaribisha wenye kufanya majaribio kwa masharti machache, yaweza kusema, "Sisi hatukuunda motokaa." Na wote kwa pamoja waweza kusema, "Marehemu hakuvuka penye kivuko." Kila mmoja wao ana neno la kweli kidogo, na ukiyajumlisha maneno hayo yote, huoni mwenye kosa. Hapa ndipo tunapoelewa kwa nini mabaharia wetu walisema, "Nahodha wengi, chombo huenda mrama." Si kwamba manahodha wengi hawajui bahari. Ni kwamba kila mmoja huamini kuwa mwenzake ameshika usukani.

Mambo yalikwishaje? Katika mwezi wa Machi mwaka 2019 mwendesha mashtaka alitangaza ya kuwa kampuni haina kosa la jinai la kujibu. Msimamizi alishtakiwa, mwaka 2023 alikiri kosa la kuhatarisha maisha, akahukumiwa kuwa chini ya uangalizi kwa miaka mitatu. Ile halmashauri ya uchunguzi ilikuwa imesema wazi kwamba uzembe wa kampuni katika mambo ya usalama ulichangia kifo kile. Lakini mbele ya sheria ya jinai, aliyesimama peke yake ni yule aliyekuwa na uwezo mdogo kuliko wote.

Simwondolei msimamizi kosa lake. Aliyepewa ulinzi akalala, amekosa. Lakini nauliza kama haki imekamilika. Mtu hachoki upesi kwa kufanya kazi kama achokavyo kwa kutazama kazi ikifanywa. Mwashi ajengaye ukuta toka asubuhi mpaka adhuhuri huwa macho wakati wote. Mwekee mtu kiti amtazame mwashi yule kwa saa hizo hizo, utamkuta anasinzia. Jambo hili lajulikana tangu zamani, na walioiunda kazi ile walikuwa na wajibu wa kulijua. Kumweka mtu mmoja, usiku, kwa saa nyingi, autazame mtambo usiokosea ila mara chache, kisha kumlaumu peke yake siku ya kukosea, ni kama kumweka mwanakondoo alinde zizi halafu kushangaa fisi akiingia.

Tufikiri kidogo juu ya maana ya lawama. Watu wengi hudhani lawama ni kisasi: mmoja ameumia, basi mwingine naye aumizwe. Kama lawama ingekuwa hiyo tu, ingekuwa afadhali tuiache. Lawama iliyo ya haki ina kazi nyingine. Ni sauti ambayo jamii humjulisha mwenye uwezo wa kurekebisha ya kwamba marekebisho ni juu yake. Mwenye punda hulipishwa mahindi ili kesho amfunge punda, si ili alie. Kwa hiyo, lawama ikimwangukia mtu asiyeweza kubadili lolote, imepotea njia, hata ikiwa mtu huyo ana kosa. Msimamizi wa Tempe hakuweza kubadili maagizo ya kompyuta, wala kurudisha breki zilizozimwa, wala kumwajiri mwenzake wa pili. Waliokuwa na uwezo huo walikaa mbali na barabara ile, katika vyumba vyenye taa.

Mtu mwerevu atanipinga hapa. Atasema, "Mfano wako wa punda haufai. Kompyuta za leo hujifunza zenyewe kwa kuona mifano mingi, hata aliyeziunda hawezi kujua mbele kila jambo zitakalolitenda. Utamlaumuje mtu kwa jambo asilolijua?" Namjibu: wala mwenye punda hakujua siku na saa ambayo punda wake angeingia shambani. Alijua jambo moja tu, nalo latosha: kwamba punda hutangatanga. Anayepeleka barabarani chombo asichoweza kukikisia amekwisha kujua neno kubwa juu yake, yaani kwamba hakikisiki. Kutojua huko si udhuru. Ndiko kunakomfunga zaidi. Na wazee wetu walikwisha kutuonya tusidanganywe na chombo kiendacho kana kwamba chajiendea: "Ukiona vyaelea, vimeundwa." Hakuna motokaa ijiendeshayo kwa kweli. Zipo motokaa ambazo waendeshaji wake wamekaa mbali, nao ni wengi, na mshahara wao hulipwa na kampuni yenye jina na anwani.

Mwingine atalileta swali lililopendwa sana na wanafalsafa wa miaka hii: motokaa ikikatika breki, na mbele yake wako mzee upande huu na mtoto upande ule, imgonge nani? Wachunguzi wa chuo kimoja kikuu cha Marekani waliwauliza watu wa nchi nyingi maswali ya namna hii, wakachapisha majibu yao mwaka 2018. Katika Ujerumani, kamati iliyowekwa na serikali ilikuwa imejibu mwaka 2017 ya kwamba mtambo haustahili kubagua roho za watu kwa umri, wala kwa uanaume au uanamke, wala kwa hali zao. Jibu hilo ni jema. Lakini naona swali lenyewe hutupeleka mbali na barabara. Yule mwanamke wa Tempe hakufa kwa kuwa kompyuta ilipima roho yake na ya mwingine. Alifa kwa kuwa breki zilizimwa, na maagizo yalikuwa pungufu, na mlinzi wa pili aliondolewa. Maovu mengi ya dunia hayatokani na watu waliosimama njia panda wakachagua vibaya. Hutokana na watu walioacha jambo dogo leo, na dogo jingine kesho, kila mmoja akitumaini kuwa mwenzake ataliona.

Tena liko jambo ambalo punda na motokaa hawalingani, nalo ni zito kuliko yote. Punda aweza kuogopa. Akichapwa mahali, hukumbuka. Motokaa haiogopi, haioni haya, wala haitubu. Katika desturi zetu, mtu akiua kwa bahati mbaya, yeye au wazee wake huwaendea wafiwa. Huketi mkekani, huinamisha kichwa, husema neno. Neno lile halimfufui maiti, lakini huwaambia wafiwa kwamba ndugu yao hakufa kama ndege aliyegonga kioo. Alikuwa mtu, na mtu mwenzake anakiri kuwa alimdhulumu uhai. Motokaa haiendi matangani. Basi kama jamii haikumtaja mtu wa kwenda, hatakwenda yeyote, na wafiwa watabaki wakiitazama chuma.

Kwenda matangani ni kusema kweli, na kusema kweli ni gumu kwa mwenye mali ya kupotea. Tarehe 2 Oktoba, 2023, katika mji wa San Francisco, mwanamke aligongwa na motokaa iliyoendeshwa na mtu, naye mtu huyo akakimbia. Mwanamke yule akarushwa mbele ya motokaa isiyo na dereva ya kampuni ya Cruise, iliyokuwa chini ya General Motors. Hii nayo ikamgonga, ikasimama. Kisha ikajiondoa kuelekea kando ya barabara kama ilivyoagizwa, haikujua ya kuwa mtu yuko chini yake, ikamburura mwendo wa mita kama sita. Hakufa, bali aliumia vibaya. Mpaka hapo kosa la kwanza lilikuwa la mwanadamu, na la pili lilikuwa la mtambo usiojua. Lakini taarifa ambayo kampuni iliiandikia serikali haikutaja kule kuburura. Leseni yake katika California ikasimamishwa mwezi ule ule. Mwaka 2024 kampuni ilikiri kuwa ilitoa taarifa ya uongo, ikakubali kulipa faini ya dola 500,000; na kabla ya mwaka kwisha General Motors ikaacha kuigharimia kazi ile ya motokaa za kukodi. Kompyuta haikusema uongo. Uongo ulikuwa wa watu, nao ulitendeka baada ya motokaa kuzimwa.

Wapo waliokwisha kuona hatari hii, wakatafuta dawa. Bunge la Uingereza lilipitisha sheria mwaka 2024 juu ya motokaa zijiendeshazo. Kwa sheria hiyo, motokaa iliyoidhinishwa ikiwa inajiendesha, mtu aliyeketi katika kiti cha dereva hashtakiwi kwa namna ilivyokwenda. Anayejibu ni kampuni iliyopewa idhini. Tena ni kosa la jinai kwa kampuni kutoa habari za uongo au kuficha habari za usalama. Hii ni hukumu ya wazee wa punda, iliyoandikwa kwa lugha ya wanasheria. Haikuvizuia vyombo visije. Imesema tu kwamba kabla chombo hakijaingia barabarani, jina la mwenye chombo liandikwe.

Na tusidhani ya kuwa dhamana huchelewesha maendeleo. Tazama ndege. Kila iangukapo, wachunguzi huokota vipande vyake, husikiliza sauti zilizohifadhiwa, huandika kwa uwazi kilichotokea, na makosa hurekebishwa katika ndege nyingine zote. Kwa njia hiyo ndege imekuwa chombo salama kuliko motokaa. Basi yule mtetezi aliyetuambia kwamba maswali yatazidisha makaburi amegeuza mambo. Kompyuta ikiokoa watu elfu, tutashukuru. Lakini elfu waliookolewa hawamlipi mmoja aliyeuawa kwa uzembe. Tabibu aliyeponya mia haruhusiwi kumficha yule mmoja aliyempa sumu badala ya dawa.

Nimesema mengi juu ya dereva aliyeondoka machoni. Na moshi je? Hapa Kenya, sehemu kubwa ya umeme wetu hutoka katika mvuke wa ardhini kule Olkaria, katika maji ya mto Tana, na katika upepo wa Turkana. Kwa hiyo basi au pikipiki ya umeme iendayo katika Nairobi hupunguza moshi kweli. Si maneno matupu. Lakini katika nchi ambayo umeme wake huchomwa kwa makaa ya mawe, sehemu ya moshi uliotoka katika motokaa huhamia katika bomba refu la mtambo wa umeme, juu ya vichwa vya watu wengine.

Tena betri haikushuka kutoka mbinguni. Betri nyingi hutiwa madini ya kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hasa pande za Kolwezi katika jimbo la Lualaba. Iko migodi mikubwa yenye mashine. Na wako pia watu wanaochimba kwa mikono katika mashimo yasiyo na nguzo. Mwaka 2016 shirika la Amnesty International lilieleza habari za watoto waliokuwa katika kazi hiyo. Msomaji wangu, Kolwezi si nchi ya ajabu kwako. Kiswahili husemwa huko. Mchimbaji yule akikuamkia, utamwitikia bila mkalimani. Viko viwanda vinavyounda betri zisizohitaji kobalti, na hiyo ni dalili njema. Lakini mpaka siku ambayo hakuna mtoto shimoni, mwenye motokaa ya umeme asiseme kwamba chombo chake ni safi. Aseme kwamba uchafu wake hauoni. "Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi," na mzigo ulio mbali mwa macho huwa mwepesi kuliko usufi.

Basi nakuja katika jibu. Chombo chaweza kupokea kazi ya mtu. Hakiwezi kupokea dhamana yake. Kazi ya miguu tulimpa punda, kazi ya mikono tukaipa mashine, na sasa twataka kuipa kompyuta kazi ya macho na ya uamuzi. Katika haya yote hapana haramu. Haramu ni kuikabidhi kazi, na lawama ikaachwa njiani bila mwenyewe, ili apite mnyonge wa kwanza na kutwishwa.

Vijana wasomao maneno haya, baadhi yenu mtakuwa mafundi, na mtaandika maagizo ambayo mitambo itayafuata gizani, mahali msipokuwapo. Andikeni kana kwamba ninyi ndio mtakaoketi katika usukani usiku ule. Baadhi yenu mtatunga sheria, kabla ya kumfungulia mgeni lango, muulizeni jina la atakayejibu, na msikubali aseme "ni mtambo." Baadhi mtakuwa wakubwa wa kazi, siku mtakapompunguza mlinzi wa pili ili kuokoa fedha, kumbukeni ya kuwa mmeongeza sehemu yenu ya dhamana kwa kiasi kile kile mlichookoa. Na wengi wenu mtakuwa wanunuzi tu na abiria tu. Ninyi nanyi hamkusazwa. Apataye raha ya chombo ana haki ya kuuliza kilikotoka, na asiyeuliza kwa kuogopa jibu ameanza kulijua jibu lenyewe.

Siku moja motokaa isiyo na mtu itapita mbele ya shule zenu, nanyi mtakimbilia dirishani kuitazama. Tazameni kwa furaha, maana ni kazi kubwa ya akili. Lakini mmoja wenu, aliye na busara, na aulize kwa sauti: "Hii ni ya nani?" Asiache kuuliza mpaka atajiwe jina.